Breki ya Mbele

Niliinunua Ilala, laki na sitini,
baiskeli ya resi, usukani pembe za kondoo,
ubavuni maandishi ya Kijapani ambayo muuzaji
aliapa yanasema "imara".
Huenda yanasema "usiiuze".

Mbio inazo. Kusimama ndiko haikufundishwa.

Nakaa Makongo Juu. Kazi yangu iko Mwenge,
kibanda cha kuchonga mihuri,
na kati ya kitanda na kibanda kuna mteremko
usiojua simile.
Nikiminya breki inalia kama mlango wa stoo,
inalia tu, haikamati.
Basi nilikuwa nasimama kwa mguu:
kandambili ya kulia chini, vumbi, kokoto zinaruka,
na mama wa vitumbua anavuta beseni lake pembeni
kabla hata sijatokeza kwenye kona.
Alikwisha kuijua saa yangu.

Miezi miwili, jozi tatu.
Za kulia zimeisha, nyembamba kama karatasi ya sigara.
Za kushoto ninazo bado, uvunguni,
tatu, mpya, hazina wenza.

Jumamosi nikaikokota hadi Sinza Kumekucha
kwa Nasoro Kipande, mfukoni elfu ishirini na mbili.
Waliokaa kijiweni wakanitajirisha papo hapo:
huyu, weka diski kama za pikipiki;
yule, nenda Kariakoo, badilisha seti nzima,
laki moja tu.
Tu! Kaneno kafupi, hakajawahi kulipa kodi.

Nasoro hakuchangia. Aling'oa raba ya zamani, akanirushia.
Mimi nachonga mihuri, raba naijua.
Nikaikandamiza kwa kucha: haikupokea alama.
Imekauka, inang'aa, imekuwa gaga.
Raba isiyoweza kushika jina la mtu
itashika vipi ringi?

"Una ngapi?"
Nikamwambia. Akahesabu kwa midomo.
Raba laini za mbele, elfu nane.
Waya mpya na kava lake, sita.
"Za nyuma zingoje mshahara. Ya nyuma inapunguza,
ya mbele ndiyo inayosimamisha.
Ila usiikabe ghafla, utaisalimia lami."

Mikono ya breki ibaki ileile. Akaisugua kwa mafuta ya taa
mpaka chini ya uchafu kukatokea weupe
na kibonyeo kidogo, pa vidole viwili,
vya mtu wa huko asiyeijua Makongo wala mimi,
ambaye naye, siku nyingi,
aliogopa kitu kilichokuwa mbele yake.

Ringi akaipiga msasa, akaifuta kwa spiriti.
Halafu akaomba vocha iliyokwanguliwa,
akaikunja, akaibana nyuma ya raba
ili ncha ya mbele itangulie kugusa
kwa unene wa unywele.
"Hapo haitapiga kelele."
Spana namba kumi, robo mzunguko, akaichomoa vocha.
Ufundi elfu tano.
Ikabaki elfu tatu: jozi ya nne.

Jumatatu, juu ya mteremko,
vidole viwili kwenye kibonyeo cha yule mtu,
nikaiachia.
Upepo ukaingia kwenye mikono ya shati.
Kona. Nikaminya kidogo, nikaongeza,
kama ninavyojaribu mhuri mpya kwenye karatasi chakavu,
ikashika.
Haikutoa sauti.

Nilisimama hatua nne kabla ya beseni,
ambalo mwenyewe alikwisha livuta,
tukabaki tunatazamana juu ya ile nafasi tupu
ambayo asubuhi hii haikuwa na kazi.

"Leo umekuja kununua?" akauliza.

Hela sikuwa nayo. Nikachukua viwili kwa mkopo,
nikavila palepale, miguu yote miwili chini,
soli zote mbili nzima.

Ya nyuma bado inalia.
Hiyo ni ya mwisho wa mwezi.